Marehemu Aliyekuwa Kwenye Foleni

Nchi yenyewe sitaitaja. Ipo, ina bendera, ina wimbo, na ukiitazama kwenye ramani inafanana na shati lililoanikwa likasahauliwa. Wewe unayesoma, ukihisi mahali fulani pananukia kwenu, funga dirisha uendelee.

Watu wa nchi hiyo walijua kupanga foleni kuliko kula. Foleni ya maji, foleni ya cheti, foleni ya daktari, na foleni ya kuulizia foleni ya daktari ni ipi. Mtu akichoka huweka jiwe mahali pake akaenda zake. Jiwe linamshikia nafasi, na hakuna wa kuliruka jiwe la mwenzake. Mimi mwenyewe nimeshuhudia jiwe likiitwa ndani kabla ya mtu. Ndivyo tulivyoishi, na Mungu alitusitiri.

Kisha akaja mgeni kutoka nje, akaipiga picha foleni ya hospitali kuu, picha ikazunguka ulimwengu. Serikali ikaona aibu, na serikali yetu ikiona aibu huunda wizara. Ikaundwa Wizara ya Foleni. Waziri wake, Mheshimiwa Dakta Sijaona, akatangaza redioni:

"Ndugu wananchi, kuanzia leo foleni imekwisha. Imehamia kwenye simu."

Na kweli ikahamia. Kuzaliwa, kuoa, kuugua, kufa, kila kitu kikawa kinaombwa kwa programu ya simu iliyopewa jina la Subira. Unaandika shida yako, unabonyeza, simu inajibu: *Ujumbe wako umo kwenye foleni.* Foleni ilikuwa ileile, labda ndefu zaidi, ila haikuonekana, na kwetu kisichoonekana ndicho kinachoitwa maendeleo. Mawe yakabaki barabarani, hayana kazi.

Mimi naitwa Bi Mwatumu. Nilikuwa mpika chai wa Wizara hiyo. Jiko la chai lilikuwa na kidirisha kinachoangalia ukumbi wa mikutano, kwa hiyo mengi niliyasikia bila kuyatafuta. Mpika chai haonekani. Mtu ukimpa kikombe anaona kikombe.

*

Siku ya kupanga mashine za kuendeshea Subira alikuja Mhandisi Adelina, binti aliyesomeshwa nje kwa kazi hiyo hiyo. Aliniomba vikombe vyangu, akavipanga juu ya sinia mbele ya wakubwa.

"Waheshimiwa, tuseme hivi vikombe ni seva, mashine zinazopokea ujumbe wa wananchi. Moja haitoshi. Zikiwa nyingi zinasaidiana, na hilo ndilo kundi. Ujumbe ukiingia unasubiri zamu. Seva inauchukua, inaushughulikia, halafu inasema 'nimepokea'. Isiposema, ujumbe unabaki kwenye foleni. Hakuna kinachopotea."

"Safi sana," alisema Waziri. "Hakuna kinachopotea. Iandikeni hiyo, nitaisema mimi."

"Kundi lina kiongozi wake anayegawa kazi."

"Safi zaidi."

"Kiongozi akinyamaza ghafla, seva zilizobaki zinapiga kura, zinachagua mwingine, kazi inaendelea. Mwananchi hata hajui kama kuna kitu kimetokea."

Kuna mtu alikuwa anatafuna karanga, akaacha.

"Zinapiga nini?" aliuliza Waziri.

"Kura, Mheshimiwa."

"Ndani ya jengo la serikali?"

Katibu Mkuu aliinuka taratibu, akafunga mlango.

"Mhandisi," alisema Waziri, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya kuogopesha, "umesoma nje, hatukulaumu, tulikutuma wenyewe. Lakini hapa tuna mila zetu. Mashine inayopiga kura leo, kesho itataka kampeni. Keshokutwa itadai kuhesabiwa mbele ya mashahidi. Utaiweza?"

"Mheshimiwa, ni hesabu tu za ndani."

"Hesabu za ndani ndizo mbaya! Sasa sikiliza. Kwenye sinia la chakula, mdogo ananyoosha mkono kabla ya mkubwa?"

"Hapana."

"Basi. Seva iliyotangulia kununuliwa ndiyo mkubwa. Ujumbe wowote uende kwake kwanza. Akisema 'nimepokea', ndipo hizi ndogo ziguse. Ataitwa Seva Mkuu, na atakuwa Mkuu daima."

"Na akizimika?"

"Nani?"

"Seva Mkuu."

Waziri alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekohoa msikitini katikati ya hotuba. "Nchi hii, Mhandisi, hatuna utaratibu wa kuzimika kwa Mkuu. Hatuna, na anayeutafuta tunamtafuta."

Adelina akaanza kuvikusanya vikombe. Katibu Mkuu akakumbuka jambo. "Na mwananchi akitaka kuipongeza serikali, naye asubiri kwenye foleni?"

Hilo liliwasumbua muda mrefu kuliko yote. Wakaafikiana kwamba pongezi ziwe na njia yake, na mashine yake peke yake, zisipitie kwa mtu yeyote. Nilipokwenda kuvichukua vikombe nilikuta kile kilichokuwa Seva Mkuu kimebaki katikati ya sinia. Hakuna aliyethubutu kukigusa. Kilikuwa na ufa. Nikakiosha kama vingine.

*

Seva Mkuu akaletwa kwa msafara. Akapewa chumba kizuri cha mbele, kinachopigwa na jua la asubuhi, chenye zulia na mapazia mazito. Adelina aliagiza kiyoyozi, na kiyoyozi kilipofika kikafungwa ofisini kwa Waziri, kwani haikuonekana busara mashine ipoe kuliko Mheshimiwa.

Wake wa viongozi nao hawakukaa nyuma. Nyumbani kwa mtu mwenye heshima televisheni haikai uchi. Inafunikwa kitambaa cha kufuma, na redio hivyo hivyo, na hata birika la kuwekea mgeni. Basi wakamfumia Seva Mkuu kitambaa chake, cheupe, kina maua na ncha za kuning'inia, wakakitandika juu ya kitambaa kingine cha mahameli ili vumbi lisimguse. Adelina alikiondoa mara moja. Akaandikiwa onyo la kuivua nguo mali ya umma. Kikarudishwa.

Nilipita na sinia, nikausikia ule mvumo wake chini ya mahameli. Ulikuwa kama wa mtu anayepumua na mto usoni. Nikaenda zangu na sinia langu.

*

Mume wangu, Makame, alikuwa fundi magodoro. Alishona magodoro ya sufi, na siku zote alikuwa na sufi kwenye nyusi, utadhani amezeeka kabla ya wakati. Akiulizwa kazi husema, "Mimi nawalaza watu. Mimi atanilaza Mungu." Alifariki Alhamisi baada ya adhuhuri, ameegemea godoro alilolijaza nusu.

Sikulia. Nilimfumba macho, nikamfunga kidevu, nikamwelekeza kibla. Kisha nikachukua simu, kwa sababu sheria ilisema mtu hazikwi bila kibali cha Subira. Nikaandika: *Naomba kumzika mume wangu.* Nikabonyeza.

Simu ikajibu: *Ujumbe wako umo kwenye foleni. Kwa sasa Makame bin Faki yu hai. Subira.*

Kwetu maiti huharakishwa. Akifa asubuhi, jioni yuko kwa Mola wake. Lakini joto lilikuwa joto, na kibali hakikuja, ikabidi apelekwe mochwari ya hospitali kuu. Wifi yangu Bi Mgeni, dada yake marehemu, alikuja nyuma yetu anapiga kelele njia nzima.

"Kaka yangu mnamtia kwenye jokofu kama samaki? Mwatumu, hata wewe unakubali?"

"Sikubali, wifi. Nasubiri."

"Unasubiri nini? Aoze?"

"Ndiyo maana tumemleta kwenye baridi."

Mhudumu wa mochwari aliitwa Mzee Bilali, mtu mcheshi kama wengi wa kazi ile. Alimpokea Makame, akamshika miguu, akamvuta, akamwingiza kwenye droo ya mwisho, karibu na swichi ya umeme.

"Karibu, shemeji," alimwambia marehemu. Kisha akanigeukia. "Nikwambie kweli, Bi Mwatumu. Hapa siku hizi watu wanaingia, hawatoki. Vibali vya simu vimekatika kabisa. Huyu wako kapata droo ya mwisho, mshukuru Mungu. Ajaye baada yake atabebwa na mimi mgongoni."

Nilikwenda Wizarani kuomba ruhusa ya kukaa eda. Afisa utumishi alitazama kwenye kompyuta yake kwa huruma nyingi.

"Eda ni ya wajane, Bi Mwatumu. Kwenye mfumo wewe una mume."

"Mume wangu yuko mochwari, baba."

"Yuko wapi si kosa letu. Mtu mzima anakwenda anakotaka."

Eda yangu nikamwachia Mungu aihesabu mwenyewe. Nikajifunga kanga, nikarudi kupika chai.

*

Kumbe Seva Mkuu alikuwa amenyamaza. Joto lilimzidi chini ya mahameli, akazima. Seva ndogo zilikuwa nzima, taa zao zinawaka, zinamsubiri mkubwa anyooshe mkono kwenye sinia. Na ujumbe ukawa unaingia tu. Maharusi waliomba cheti, wakachoka, wakaachana, wakaomba talaka, nayo ikakaa nyuma ya cheti. Zimamoto waliombwa kwa moto wa soko, na soko likaisha kuungua likiwa kwenye foleni. Pongezi peke yake ndizo zilizopita, kwa hiyo taarifa ya kila wiki ilionyesha nchi nzima ina furaha.

Magazeti yaliandika kwamba Seva Mkuu ana afya njema na anatafakari.

Kikao cha dharura kikaitwa. Niliingia na birika.

"Mheshimiwa, amezima," alisema Adelina.

"Rekebisha lugha yako."

"Amenyamaza sana."

"Hapo sawa."

"Ziruhusiwe zilizobaki zichague. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Mochwari imejaa, Mheshimiwa. Watu hawazikwi."

"Mhandisi, ukisema tena neno kuchagua nitakuhamishia kwenye kituo cha kuhesabu mvua."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, chai inamiminika. Nikaona nikinyamaza sasa, Makame atakuwa kwenye ile droo mpaka Kiyama. Nikasema, "Mheshimiwa, samahani. Mmoja wa hao ni mume wangu."

Ungedhani kikombe ndicho kimezungumza, walivyokitazama. Kisha Waziri akageuka. Si mtu katili, uso wake ulijaa masikitiko.

"Mama, pole sa..." Akajikatiza, akamtazama Katibu Mkuu. "Ifute hiyo pole isiingie kwenye kumbukumbu. Nikikupa pole, mama, nitakuwa nimekiri kifo kabla ya mfumo. Serikali haiwezi kuutangulia mfumo. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Mheshimiwa."

"Msalimie sana mzee nyumbani."

"Zimefika," nilisema. Nikamwongezea sukari.

*

Adelina akawaeleza kwamba Seva Mkuu anahitaji baridi. Ilikuwa njia ya heshima ya kusema amezima kwa joto. Wakauliza ni wapi mjini kuna baridi isiyokatika. Umeme ulikatika kila mahali, Ikulu ikiwemo, isipokuwa mochwari ya hospitali kuu, ambayo ilikuwa na jenereta mbili kubwa mpya, kwani kila mkubwa alijua kwamba siku moja atapita pale na hakutaka kuharibika.

Nikatumwa niende na chai ya msafara. Nilipofika, Bi Mgeni alikuwa amekaa kizingitini kama kila siku, tasbihi mkononi. Nikakaa ubavuni kwake. Gari refu likaegeshwa. Seva Mkuu akateremshwa na askari wenye glavu nyeupe, kitambaa chake cha kufuma kinapepea.

"Huyu ni nani tena?" aliuliza wifi.

"Ni mkubwa. Nyamaza."

"Kafa?"

"Anatafakari."

Waziri aliingia, sote nyuma yake. "Mhudumu, tunataka droo iliyo karibu na umeme."

"Ina mtu, Mheshimiwa," alisema Mzee Bilali.

"Zote zina watu?"

"Zote. Wengine wamelala wawili wawili, nao hawakuwahi hata kujuana."

Katibu Mkuu alitoa simu, akaandika jina lililokuwa kwenye droo. Akasoma, akakunja uso, akasoma tena. "Mheshimiwa, huyu Makame bin Faki yu hai."

"Yu hai?"

"Mfumo ndivyo unavyosema."

Nikamwona Waziri anavimba polepole, kama mkate kwenye joko. Kuna watu ambao hasira inawapa raha, hasa wakiipata ikiwa halali.

"Mtu hai anafanya nini mochwari? Watu wanahangaika na joto nje, yeye kajilaza hapa anakula baridi ya umma? Kwa kibali cha nani? Fungua!"

Mzee Bilali akaivuta droo. Makame akatokea, sufi bado iko kwenye nyusi, sasa imeshika barafu. Waziri akamwinamia.

"Bwana! Huoni aibu? Mtu mzima na mvi zako! Serikali imejenga kituo hiki kwa ajili ya marehemu, na marehemu wenyewe hawatoshi. Unatoka hapa sasa hivi, na usirudi mpaka umefariki kwa utaratibu. Umenisikia?"

Makame hakumjibu.

"Ananidharau," alisema Waziri.

"Ameridhika, Mheshimiwa," alisema Mzee Bilali haraka. "Ndiyo kawaida yao hapa, kuridhika kwao ni kunyamaza."

Bi Mgeni akafungua kinywa. Nilikijua kitakachotoka: mtu huyu amekufa, nyinyi wajinga! Na lingetoka hilo, Makame angerudishwa kuwa marehemu asiye na kibali, na droo ingefungwa. Nikamkanyaga mguu kwa kisigino changu chote. Akaguna, akanitazama, akaelewa. Machozi yakamtoka, wakadhani ni ya aibu ya ukoo.

Nikasogea. "Utuwie radhi, Mheshimiwa. Ni mume wangu. Tutamrudisha nyumbani."

"Mama! Wewe si wa chai? Na juzi ulisema..." Pole aliyoifuta ilimrudia usoni, naona. Akaifuta tena. "Kwa nini haamki atembee?"

"Amechoka, Mheshimiwa. Alikuwa kwenye foleni."

Hilo walilielewa wote. Katibu Mkuu akaandika karatasi, wakaipiga muhuri hapo hapo juu ya droo: *Makame bin Faki ameruhusiwa kuondoka mochwari akiwa na afya, akapumzike.* Tukamfunga kwenye kanga mbili, yangu na ya wifi. Askari wenye glavu nyeupe walikuwa wamesimama mikono mitupu, wakatusaidia kumbeba. Nyuma yetu nikasikia droo inafungwa na Waziri anasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Shikamoo, Mkuu."

*

Nilimwosha mwenyewe, kwa ruhusa ya sheikh. Alikuwa baridi sana, na maji ya uvuguvugu yalikuwa yanapoa mikononi mwangu kabla hayajamfikia. Nilizitoa zile sufi moja moja. Nilikuwa nangojea kulia, nikaona labda hicho nacho kimo kwenye foleni.

Watu wa mtaa wakajaa uani. Sheikh akaniita mlangoni. Alikuwa mtu mwoga kidogo, si kwa ubaya, ana watoto.

"Bi Mwatumu, kibali?"

Nikampa ile karatasi. Akaisoma, akaisoma tena.

"Hii inasema ni mzima."

"Ndiyo, sheikh."

"Sasa mtu mzima nitamswaliaje?"

"Sheikh, hebu soma mwisho. Serikali imesema akapumzike. Wapi, haikusema."

Alisimama na ile karatasi. Nje jeneza lilikuwa tayari mabegani. Alitazama juu, akatazama muhuri, kisha akaikunja karatasi akaitia kifuani.

"Haya," alisema. "Tukampumzishe."

Wakaondoka naye, tahlili inapungua kadiri wanavyokata kona. Mimi nilibaki mlangoni. Kwetu wanawake hatufiki kaburini. Nilisikiliza mpaka nisisikie.

*

Nikapeleka Wizarani ombi la likizo ya kumuuguza mume aliyetoka hospitali. Nikapewa siku hiyo hiyo, na afisa utumishi akanitumia machungwa ya mgonjwa. Hivyo eda yangu nikaikalia, kwa jina hilo.

Mzee Bilali alikuja kunipa pole, pole ya kweli, isiyofutwa. Akaniambia Mhandisi Adelina alimwendea Waziri akamwambia mkubwa hakai peke yake, asipokuwa na wafuasi atajisikia mpweke, na mwenye upweke hatafakari vizuri. Waziri akaguswa. Sasa seva ndogo zinaletwa mochwari moja moja ziende kukaa na Mkuu, na kila inayoletwa inataka droo, na kila droo ina mtu ambaye mfumo unasema yu hai.

"Wanafukuzwa, Bi Mwatumu," alisema, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Wanagombezwa kidogo, halafu wanafukuzwa. Jana nimetoa bibi mmoja, Mheshimiwa alimwita mvivu. Jamaa zake walishukuru mpaka wakapiga magoti. Nje pale palivyojaa! Hawawezi kukaa juani kutwa nzima, basi kila ukoo umeweka jiwe."

"Jiwe?"

"Mstari mpaka barabarani. Na hakuna anayeruka jiwe la mwenzake."

Alipoondoka simu ililia. Si yangu. Ilikuwa ya Makame, iko bado kwenye rafu, karibu na sindano zake za kushonea. Bila shaka ile karatasi ya afya yake iliingizwa kama mafanikio, kwani ujumbe ulikuwa umekuja kwa ile njia ya pongezi, isiyopitia kwa mkubwa yeyote.

*Ndugu Makame bin Faki, hongera kwa kupona. Je, umeridhika na huduma ya kupumzishwa? Tupe nyota.*

Chini yake kulikuwa na nyota tano tupu.

Nilimfikiria alivyokuwa akilikagua godoro baada ya kulishona, analala juu yake mwenyewe kwanza, amefumba macho, na asiposema kitu ujue limetoka vizuri. Nikazibonyeza zote. Tangu tumlaze pale, hajalalamika.

Nikaiweka simu kifudifudi, nikaenda kutawadha. Adhana ya alasiri ilikuwa inaita, na ilipoita, iliita watu wote kwa pamoja.